Kofia ya Mgeni Katikati ya Daraja

Jumanne, 2 Aprili

Mimi nina bahati, wee! Mgeni mmoja, mzee mrefu wa Denmaki, kasahau kofia yake kwenye mgahawa wangu wa tambi. Mji mzima wa Takayama nani kapata bahati hiyo? Mmoja tu: Kuwabara wa ng'ambo ya barabara. Mwezi uliopita mama wa kigeni alisahau glavu kwake. Jamaa akakimbia nayo, aproni kiunoni, mpaka stesheni. Akainama kwa heshima, kama desturi yetu, mpaka treni ikapotea. Mama akamrekodi kwa simu. Sasa foleni yake inafika mlangoni kwangu, na wote wamenipa mgongo!

Juzi kaniletea boksi la keki za maharage, limefungwa vizuri, kuomba radhi kwa kelele za wateja wake. Radhi hiyo au matusi? Nimekula zote. Tamu. Nikazidi kukasirika.

Jumatano, 3 Aprili

Mke wangu Tomie kasema waziwazi: meza zikiwa tupu mpaka Jumamosi, anakwenda kupika kwa Kuwabara. Kaombwa mara mbili, kwa adabu. Nikamwambia, mke wangu, tulia, kofia ipo. Akauliza kofia ndiyo itakula tambi?

Ningeweza kumpelekea mzee kofia yake jana, analala hapo jirani. Lakini nani angeona? Leo nimesubiri mpaka kafika katikati ya daraja jekundu, palipojaa watalii na simu zao. Nikatimka! Nikipiga kelele! Kumbe mkono mmoja kofia, mwingine kisu cha kukatia tambi. Kile kikubwa.

Mzee alikimbia! Umri ule! Kadandia basi. Sikuacha desturi: nikainama katikati ya barabara mpaka basi likapotea. Nilipoinuka, mbele yangu polisi.

Alhamisi, 4 Aprili

Aliyekuja kunitoa kituoni ni Kuwabara. Kamwinamia polisi mpaka nikaona kisogo chake. Kasema jirani yake Ozeki hana ubaya, ana pupa tu ya kuhudumia. Pupa! Mimi!

Kisha kamtafuta mzee, kamrudishia kofia, kamleta kwangu. Mzee kala bakuli mbili, kacheka sana, kapiga picha na kisu, kaitupa mtandaoni. Jioni watu wamepanga foleni wakione kisu. Foleni yangu! Lakini kaileta nani? Roho inaniuma kama jino.

Jumamosi, 6 Aprili

Meza zimejaa. Tomie habanduki. Ila kaniamuru nimpelekee Kuwabara boksi la biskuti za mchele, na nishukuru kama mtu mzima.

Nikainama. Akainama chini zaidi. Nishindwe na mtu mwenye tumbo lile? Nikashuka. Naye akashuka. Nikashuka mpaka nikaona vidole vyangu vya miguu, na mgongo ukasema kwaa! Kanibeba yeye, begani kama gunia, mbele ya foleni zote mbili. Watu wakarekodi. Wakamshangilia. Yeye! Kanilaza kitandani, bado anauliza kama kaniumiza. Ningemkumbatia kama si wivu.

Lakini bahati haijanihama. Leo mchana mama wa Kanada kasahau skafu. Ninayo hapa, chini ya godoro. Mgongo ukipona tu, natimka nayo, safari hii bila kisu.

Haya. Hakuisahau. Wala mzee hakusahau kofia. Nilizificha mimi.