Herufi Mia na Sitini

Mamlaka ya Maji inayo furaha kuutangazia umma kwamba Mkurugenzi Mkuu wake ndiye kiongozi wa kwanza kufuatilia mitandao yote ya kijamii, asubuhi, mchana na jioni, kwa kutumia simu isiyoingia mtandaoni.

Tangazo hilo nililiandika mwenyewe, mimi Mkuu wa Kitengo cha Ufupisho. Liko kwenye ubao wa mapokezi, nyuma ya kioo, na ufunguo wa kioo ninao mimi. Wapo walioliona wakacheka, lakini watu wa mapokezi hucheka ovyo, hawana kazi ya kutosha.

Mkuu wetu anatumia simu ndogo ya vitufe, yenye tochi. Simu janja alikuwa nayo wiki mbili tu. Kidole gumba chake kikapitiwa, kikaipenda picha ya jirani akiwa ufukweni, na Mamlaka ikalazimika kutoa taarifa mbili kwa vyombo vya habari, ya pili ikifafanua ya kwanza. Tangu hapo Mkuu alisema simu janja ni za watu wasio na majukumu. Hata hivyo alitaka kujua wananchi wanasema nini juu yake. Ndipo kikaundwa Kitengo chetu: mimi, meza mbili, kompyuta moja, na mpiga chapa tuliyemwita Bi Vidole kwa sababu vidole vyake havikuwahi kukosea herufi.

Kazi ilikuwa rahisi kueleza. Bi Vidole alikusanya yote waliyoandika wananchi kwenye ukurasa wa Mamlaka, mimi nikayafupisha, kisha yakaenda kwenye simu ya Mkuu kwa ujumbe mfupi usiozidi herufi mia na sitini, nafasi na nukta zikihesabiwa. Na chochote alichojibu Mkuu kwenye namba ya Kitengo kilipanda chenyewe kwenye ukurasa, mbele ya macho ya watu wote, ili wananchi wasicheleweshewe hekima.

Kufupisha si kukata maneno kama mtu anayekata kucha. Niliandaa Mwongozo wa kurasa arobaini na nane. Kifungu cha kwanza kinasema hakuna neno litakalomfikia Mkuu bila kufupishwa. Cha pili, kila ujumbe uanze na salamu, maana heshima haina mbadala. Cha tatu ndicho roho ya Kitengo: lawama zifasiriwe kwa moyo wa kujenga. Kuhusu emoji tuliunda kamati ndogo. Ile ya uso unaocheka mpaka machozi ilituchukua vikao vitatu, tukakubaliana kuwa maana yake ni "mwananchi ameguswa". Uso mwekundu wa hasira ulipita kwa kikao kimoja: "mwananchi anasikia joto".

Basi mwezi ule, tarehe moja, maji yakakatika bondeni.

Sisi tulijua kwa sababu ya dobi mmoja. Alikuwa akiandika kila siku, hakosi. Siku ya kumi na tisa aliandika hivi: "Siku ya 19 hakuna maji. Mashuka ya nyumba ya wageni yamenilalia hapa yananuka. Wameniambia ikifika tarehe 30 bado sijafua, kazi wanampa mtu mwingine. Nitakula nini na wanangu? Mnatuona kweli nyie?"

Nikafupisha. Baada ya salamu, Mkuu alisoma: "Mfanyabiashara wa bondeni anatukumbuka kwa siku ya 19 mfululizo. Ana mashuka mengi. Anauliza kama tunamwona."

Mkuu, ambaye ni msikivu, akajibu papo hapo: "Tunamwona."

Neno hilo likapanda kwenye ukurasa. Kufikia saa nane mchana wananchi elfu moja na mia nne walikuwa wameguswa.

"Bosi," Bi Vidole akaniambia bila kuinua macho kwenye kompyuta, "huyo dobi ni baba yangu."

Nilifurahi kusikia hivyo. "Basi unamfahamu vizuri. Itaturahisishia kumfupisha."

"Jana usiku aliongea peke yake. Anahesabu mashuka."

"Hesabu inatuliza akili."

"Bosi, hawezi kuipoteza ile kazi. Ndiyo aliyonisomeshea mimi."

Nilimweleza, kwa upole wa mtu mzima, kwamba Kitengo hakishughuliki na maji. Maji yana idara yake. Sisi tunashughulika na yanayosemwa kuhusu maji, na ukichanganya mambo hayo mawili ofisi haitakalika. Akaendelea kupiga chapa.

Hata kabla ya mwezi ule, huduma ilikuwa imempendeza Mkuu kiasi kwamba aliagiza barua zote za ndani nazo zimfikie kwa njia hiyohiyo. Mafaili yakaondoka mezani kwake. Akabaki na simu, kalamu na chupa ya maji.

Jumatano tarehe ishirini na nne kulikuwa na kikao cha wakuu wa idara. Mkuu aliinua simu yake tukaiona wote.

"Nimewasoma wananchi mwezi mzima," alisema. "Hawana manung'uniko. Wanatukumbuka, wanaguswa, wengine wanasikia joto, ila hilo ni la hali ya hewa. Sasa niulize: kama bondeni kuko shwari, kwa nini huku mlimani sisi viongozi tuletewe boza, lori la maji, kila Jumatatu na Alhamisi?"

Mlimani tunakaa wote, hata mimi, na mabomba yake hayajawahi kutoa kitu ila upepo. Bila boza hatuna hata la kunawia.

"Ni ubadhirifu," Mkuu akasema. "Kuanzia leo boza lisimame. Mkuu wa Ufupisho, wewe ndiye unayewajua wananchi kuliko sisi sote. Nimekosea?"

Macho yote yakanigeukia. Ningesema amekosea, ingebidi nieleze nimejuaje, na ningeeleza nimejuaje, Mwongozo wote ungeanguka na kurasa zake arobaini na nane.

"Umeona mbali, Mkuu," nikasema.

Tulipiga makofi. Fundi Mkuu, aliyekaa karibu na mlango, hakupiga, lakini yeye mikono yake huwa na grisi.

Ijumaa jioni mke wangu alinipokea mlangoni na ndoo tupu.

"Baba watoto, boza limepotea njia?"

"Limesitishwa kwa sababu za kimaendeleo."

"Haya. Kaoge hayo maendeleo, chakula kiko mezani."

Nakiri kwamba usingizi haukuja. Nilijikuta nawaza mashuka ya mtu nisiyemjua, nikajilaumu kwa kupeleka kazi ya ofisi kitandani.

Jumapili, Mkuu naye uvumilivu ukamwishia. Mkewe, mama asiye na subira, inasemekana alimwambia kama yeye ndiye mwenye maji ya nchi nzima basi ayalete hapo sebuleni. Mkuu akashika simu. Ukiniuliza kwa nini hakumpigia Fundi Mkuu, jibu ni kwamba namba ya Kitengo ndiyo namba pekee ya Mamlaka iliyowahi kumjibu. Akaandika: "Siku ya nne sina maji nyumbani. Naoga kwa kikombe kama mgonjwa. Hivi huko Mamlaka kuna mtu anafanya kazi?"

Akatuma. Ikapanda kwenye ukurasa wa Mamlaka, kwa jina la Mamlaka, na nembo yake.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Bi Vidole amekaa, mikono mapajani. Watu elfu tisa walikuwa wameguswa. Chini ya maneno ya Mkuu, wa kwanza kujibu alikuwa dobi: "Tunakuona, Mkuu."

"Bosi, na hii tuifupishe?" Bi Vidole akauliza.

Niliketi. Nilifikiri kwa makini, kama inavyonipasa. Kifungu cha kwanza kinasema hakuna neno. Hakisemi "isipokuwa la kwake mwenyewe". Tena, kama ningempelekea maneno yake jinsi yalivyo, ningekuwa nimekubali kwamba ufupisho hubadilisha kitu.

"Mwongozo haubagui," nikasema. "Andika."

Saa mbili kamili Mkuu akapokea, baada ya salamu: "Mkazi wa mlimani ameanza kutunza maji kwa kutumia kikombe. Anaulizia hali za watumishi."

Saa mbili na dakika ishirini alikuwa mlangoni kwetu. Hakuwahi kufika Kitengo hata siku moja, na alilazimika kuulizia njia. Shati lake lilikuwa la tangu Alhamisi. Ofisi yetu ni ndogo, na dirisha halifunguki.

"Huyo mkazi," alisema taratibu, "ni nani?"

"Wananchi hatuwataji, Mkuu. Ni kanuni ya faragha."

"Ni mimi."

"Inawezekana, Mkuu."

Alivuta kiti changu akakaa mbele ya kompyuta. "Binti, nionyeshe walichoandika wenyewe. Kabla hakijapita kwa huyu."

Bi Vidole akamfungulia kuanzia tarehe moja. Alisoma, midomo yake ikifuata mistari kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika siku ya kumi na tisa alisoma ile ya dobi mara mbili, akasoma na jibu lake mwenyewe chini yake. Nilipendekeza chai. Hakuna aliyeitaka.

Akaagiza Fundi Mkuu aitwe.

"Bondeni kumekuwaje?" akamuuliza.

"Bomba kuu limepasuka, Mkuu. Toka tarehe moja."

"Mwezi mzima unanificha?"

"Nilikuandikia siku ya pili. Barua ya kurasa nne. Kipande cha bomba kiko stoo, mafundi wapo, nilichoomba ni saini yako stoo wanitolee." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ukanijibu."

"Nikajibu nini?"

Fundi Mkuu akatazama chini. "Hongera."

Ilibidi nitoe ufafanuzi, kwa kuwa nakala ninazo zote. Ujumbe wangu wa tarehe mbili ulisomeka: "Shikamoo Mkuu. Natumaini umeamka salama wewe na familia. Pole na majukumu mazito ya kulijenga taifa. Bomba kuu la bondeni limejifungulia njia mpya." Hizo ni herufi mia moja arobaini na saba. Zilibaki kumi na tatu. "Anaomba saini yako" ni herufi kumi na nane. Nilijaribu kila namna kuliingiza ombi hilo bila kugusa salamu, haikuwezekana, na Mkuu ni mtu mzima, huwezi kumvamia bila kumwamkia.

"Kumbe ndiyo ile Hongera," Bi Vidole akasema kwa sauti ndogo. "Ilipanda kwenye ukurasa ikiwa peke yake. Mtaani kwetu walidhani mnatusanifu."

Mkuu aliomba kalamu. Akaisaini barua ya Fundi Mkuu, niliyoitoa kwenye faili, palepale, juu ya goti lake, kurasa zote nne ingawa ilihitajika moja. Fundi Mkuu akaondoka karibu anakimbia.

Hapo simu ndogo ikalia. Alikuwa Mwenyekiti wa Bodi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, na kwa kuwa simu za vitufe zina sauti kubwa tulimsikia sote.

"Nimesoma ukurasa wenu. Nataka maelezo kabla ya saa sita. Na unitumie kwa meseji, nasikia huko kwenu ndiyo mtindo."

Mkuu akanigeukia. Nikashika kalamu kwa mkono uliozoea. Shikamoo Mama Mwenyekiti, natumaini umeamka salama, poleni na safari ya maendeleo, sisi huku ni wazima na tunaendelea kuimarisha huduma licha ya changamoto za hapa na pale. Nilipohesabu, herufi zilikuwa zimekwisha na bomba bado sijalifikia. Nikaanza upya. Nikafuta. Mara ya tatu Mkuu aliniwekea mkono begani, na sijui kama ni kwa huruma.

"Binti," akasema, "andika wewe."

Bi Vidole akaichukua simu. Haikumchukua hata nusu dakika. Aliandika: "Bomba la bondeni lilipasuka. Tuliambiwa. Tukajibu hongera."

Hakukuwa na Shikamoo. Nilihesabu mara mbili: herufi hamsini na nane.

"Zimebaki mia moja na mbili," nikasema. "Tunaweza kuongeza."

"Ongeza nini?" Mkuu akauliza.

Alinisubiri kwa dhati. Nilitafuta kichwani, kifungu kwa kifungu, na sikupata neno. Niliona aibu, na naitaja kwa jina lake kwa sababu Mwongozo hauna namna ya kuifupisha. Mkuu akabonyeza kitufe.

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mezani. "Kesho saa mbili, mbele ya Bodi. Uje na huyo mfupishaji."

Bomba lilitengenezwa kwa saa tatu. Siku ishirini na tisa, halafu saa tatu. Maji yakafika bondeni alasiri, mlimani hayakufika, na boza, tulipoliulizia, lilikuwa limefunguliwa magurudumu. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba hatuna nguo safi ya kuvaa mbele ya Bodi. Mkuu alinituma bondeni na mashati mawili, lake na langu, nikayabeba kwenye bahasha ya serikali.

Dobi nilimkuta uani, mikono imelowa mpaka viwikoni, kamba tano zimejaa mashuka meupe na mengine bado kwenye beseni. Bi Vidole alikuwa upande wa pili, wakikamua shuka pamoja, kila mmoja na ncha yake. Alinisalimia kwa adabu. Baba yake aliitazama bahasha.

Nilimweleza hali. Bodi ni kesho asubuhi, mashati ni mawili tu, suala lenyewe ni nyeti, na Mamlaka ingethamini sana ushirikiano wake kama mdau.

Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yakimchuruzika vidoleni.

"Unataka jibu refu au fupi?" akauliza.

"Fupi," nikasema, kwa mazoea.

"Hapana," akasema, akarudi kwenye mashuka yake.

Kesho yake tulikwenda mbele ya Bodi vilevile tulivyokuwa, na Mama Mwenyekiti akaomba madirisha yafunguliwe.