Kila Mtu Amezaliwa Tarehe Thelathini Juni

Mjini Baraka, Jumapili, 22 Juni 2003

Habari tamu! Baada ya ibada, Mwalimu Bonaventure, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, amesimama na kutangaza. Redio inasema serikali mpya ya amani iko karibu, pengine tarehe 30 yenyewe, siku ya Uhuru. Kwa hiyo kamati inatafuta mtoto wa Uhuru: mtu wa hapa aliyezaliwa tarehe 30 Juni 1960. Huyo ndiye atakayepandisha bendera mbele ya umati. Na atakabidhiwa bendera hiyo na Félicité, fundi cherehani, aliyeishona mwenyewe.

Félicité! Nampenda tangu tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa. Aliniambia hawezi kuolewa na mwanaume wa maneno. Anataka mtu mwenye angalau jambo moja la kweli. Sawa. Nitamletea jambo la kweli: siku ya kuzaliwa.

Karatasi zangu ziliungua pamoja na nyumba tulipokimbia. Za jirani zangu pia. Vita vimetutesa sana, lakini uhuru huu mmoja vimetuachia: kila mtu ajichagulie siku yake. Nimeshachagua. Isitoshe, naitwa Patrice. Nani angempa mtoto jina la Lumumba kama si siku ile?

Jumanne, 24 Juni

Balaa. Mji mzima umezaliwa siku ya Uhuru! Bertin, mchuuzi wa samaki wa ndagala, amejiandikisha wa kwanza. Huyu Bertin naye anapita mara nyingi mno penye cherehani ya Félicité, na kila mara eti shati lake limepasuka. Hata Mama Mwanahamisi amejiandikisha, na wajukuu zake wanaoa!

Mwalimu Bonaventure amekasirika. Amesema kama kweli sote tulizaliwa siku moja, basi Wabelgiji hawakufukuzwa na mtu, walikimbia kelele za watoto. Sasa kila mmoja alete Ijumaa shahidi aliyekuwepo alipozaliwa.

Bertin amecheka aliponiona. Acheke tu. Mimi nina mama.

Jumatano, 25 Juni

Kikwazo kidogo. Dada yangu mkubwa, Gentille, alizaliwa 1962. Mimi nikiwa wa 1960, yeye anakuwa mdogo wangu! Nilienda kwake nikihofia ugomvi. Kumbe alifurahi sana, akajitazama kwenye kioo, akasema aliona mwenyewe kuwa kuna kosa. Mara akaanza kuniita yaya, yaani mkubwa wake. "Yaya, nyumba yangu inavuja." "Yaya, batoto bangu habana viatu." Nimeshinda juu ya paa lake mchana kutwa. Ukubwa ni kazi.

Jioni nikamfundisha mama. Thelathini Juni, mama. Ngoma zinalia, bendera inapanda, mtoto anatoka. Mama alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Ndiyo, mutoto wangu." Nikarudia. Akasema tena ndiyo. Tayari amehifadhi!

Ijumaa, 27 Juni

Nina hasira, lakini nitaandika yote.

Uwanja ulijaa. Bertin alileta mzee kwa mtumbwi kutoka Ubwari. Mzee akaapa kwamba alisikia ngoma za Uhuru na kilio cha mtoto kwa wakati mmoja. Bonaventure akamwomba amwonyeshe mtoto huyo. Mzee akazunguka, akatazama nyuso zote, akamshika mkono Bonaventure mwenyewe! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bertin kwisha.

Zamu yangu. Mama akasimama, akafunga vizuri kitenge chake, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Patrice mi nilimuzala tarehe makumi mbili na ine, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa sitini na tano. Tulikuwa tumejificha Ubwari, wakati ya vita ya Mulele. Usiku ileile Mobutu akakamata inchi. Kisha kila mwaka batu ba chama balikuwa banatuchezesha siku ile, banasema tucheze juu ya Mobutu. Mi nilikuwa nacheza juu ya mutoto wangu."

Bamama wengine walifuta macho. Na mimi? Ishirini na nne Novemba! Nimezaliwa siku moja na mapinduzi! Bertin tayari alikuwa ananipigia saluti ya chama cha Mobutu.

Ilibidi nijiokoe. Nikapaza sauti kwamba mama amezeeka, anachanganya siku, jana tu aliniita kwa jina la marehemu baba. Nilitegemea watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama aliniangalia, akaokota sandali zake, akaenda nyumbani peke yake. Nadhani jua lilimchosha.

Jumatatu, 30 Juni

Aibu kubwa. Mtoto wa Uhuru hakupatikana. Kamati imesema afadhali mama mmoja mwenye tarehe moja ya kweli kuliko mji mzima wa waongo. Bendera imepandishwa na nani? Na mama yangu! Félicité alimkabidhi kwa mikono miwili, kisha akamkumbatia muda mrefu. Watu walipiga vigelegele. Nimepokonywa nafasi yangu na mzazi wangu mwenyewe.

Usiku redio imetangaza serikali. Kila mtu anaimba njiani. Mama amepita mlangoni kwangu bila kugonga. Hajasema nami tangu Ijumaa, na hilo linauma, nakiri. Atasahau.

Jumanne, 1 Julai

Félicité ameniita! Nimevaa shati la Bertin (aliliacha kwa Félicité lishonwe, mimi nikalipeleka mahali salama). Ameniuliza polepole kama mama alisema kweli.

Mtego! Mimi si mjinga. Nikaapa kwa kaburi la baba kwamba ni 30 Juni, na mama, maskini, kichwa chake kimechoka.

Félicité akaweka mkasi chini. Akasema yeye amezaliwa tarehe 24 Novemba, mwaka mwingine. Utotoni alidhani mji mzima unacheza kwa ajili yake, na siku alipojua ni kwa ajili ya Mobutu alilia. Tangu Ijumaa alikuwa anafurahi kwamba kuna mwenzake. Akanitazama kwa huzuni. "Kumbe mwenzangu haiko weye."

Akanivua shati la Bertin, akalikunja, akarudi kwenye cherehani.

Jumatano, 2 Julai

Sikulala, lakini nimepata jibu. Ni rahisi! Félicité anataka mtu wa 24 Novemba. Mimi ni wa 24 Novemba! Ni kweli kabisa! Kinachokosekana ni shahidi tu. Mama hafai. Nimeshawaambia watu wote kwamba anachanganya siku, nani atamsadiki?

Kesho alfajiri naenda kijiji cha Lubondja. Nasikia huko kuna mzee ambaye, ukimletea pombe ya kasiksi ya kutosha, anakumbuka kuzaliwa kwa mtu yeyote.