Tata, Baba na Kitufe cha Kubadilisha Zote

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeamua. Maisha ya Baba yatakuwa kitabu cha kielektroniki. Sabato hii anatimiza miaka themanini, na sura ya kumshukuru marehemu babu itasomwa kanisani hapa Nyaramba, mbele ya ukoo. Baba anaingoja kwa hamu. Anataka kaka yake, Baba Mkubwa Manasseh, anayemsema vibaya babu kila matanga, aisikie akiwa amekaa, hana pa kukimbilia.

Binamu yangu Beverlyne, mwenye duka la kuchapisha pale Masimba, amejitolea kutoa vijitabu vya karatasi ya waridi. Waridi! Nikamwambia dunia imehama. Akauliza imehamia wapi, na kama huko kuna stima.

Jumanne, 5 Agosti
Faili halitulii. Kwenye kompyuta, picha ya babu iko ukurasa wa kwanza. Kwenye simu yangu, iko katikati ya sura ya mifugo. Kwenye simu ya Mama, babu yuko kichwa chini. Kila "ng'ombe" amekuwa "ng?ombe", kana kwamba Baba hana uhakika alikuwa akichunga nini. Nina shahada. Sielewi.

Alhamisi, 7 Agosti
Tatizo jipya. Baba ameandika Kiswahili, lakini wazazi wake amewaita kwa Ekegusii, lugha yetu: babu ni "tata", yaani baba, na nyanya ni "baba", yaani mama. Wajukuu wa Nairobi watasoma "baba alinizaa jikoni" na kupiga simu kuuliza. Hatari!

Dawa ipo. Programu ina kitufe cha kubadilisha neno kitabu kizima kwa mpigo. Kwanza, kila "tata" ikawa "baba". Kisha kila "baba" ikawa "mama". Kufumba na kufumbua! Beverlyne angemaliza wiki na kalamu nyekundu. Nimepakia kwenye duka la mtandaoni, nimetuma kwenye kikundi cha ukoo. Kukagua ni kwa wasiojiamini.

Ijumaa, 8 Agosti
Beverlyne kapiga simu jioni, anacheka hadi anakohoa. Anauliza Mama Mkubwa Manasseh ni nani. Nikafungua ukurasa wa shukrani. Mama Mkubwa Manasseh! Nikafungua sura ya babu. Babu hayumo. Mama alimwoa mama. Mama akapanda majani chai, mama akayachuma. "Tutatafuta" imekuwa "tumamafuta". Utata wa shamba umekuwa umama wa shamba. Mbona? Nilibadilisha yote mawili! Nilitazama skrini hadi herufi zikaanza kuogelea.

Nikaanza kusahihisha. Jua likazama, Sabato ikaingia. Mama akaifunga kompyuta taratibu kwa kiganja, akauliza siku sita nilizopewa nilizifanyia nini.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilijaribu kumweleza Baba asubuhi. Alikuwa akifunga tai. Akaninyamazisha kwa mkono. Kanisani akampa Baba Mkubwa Manasseh simu, makusudi, asome yeye mwenyewe.

Akasoma. Mama aliuza mbuzi wake nisome. Mama alitembea hadi Kisii kwenye mvua kuniletea viatu. Akavua miwani. Akalia! Akatangaza kwamba hatimaye mdogo wake ameandika ukweli: mzee hakufanya lolote, ni mama yao. Akina mama wote wakaitikia amina.

Baba hakuitikia. Nyumbani akaniuliza, kwa sauti ya chini, viatu vile aliletewa na nani. Nikajibu, na tata. Akasema basi nimemzika tata yake mara ya pili, tena bila jeneza. Hata chai hakugusa.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari mchana kutwa. Beverlyne anashauri nikae nikisome kitabu neno kwa neno, kwa macho. Macho! Katika karne hii! Kosa nimeshaliona mwenyewe: niliipa mashine amri mbili, ikachanganyikiwa. Leo nimeipa moja tu. Kila "mama" sasa ni "baba".

Babu amerudi! Yuko kila ukurasa! Nimepakia upya, nimetuma kwa ukoo mzima. Baba na Mama wamekaa pale nje na simu. Nimewafungulia sura ambamo Baba anasimulia alivyomwoa "mama watoto". Sasa hivi Mama ameniita kwa jina langu lote. Baba naye ameniita, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu shule ya msingi.

Naenda. Nadhani wanataka kunishukuru.