Wazee Watatu Niliowaandika kwa Fishi

Jumatatu, 7 Februari 1977
Honoré amepata! Mufuko wa unga, maharagi, mafuta na blanketi mbili. Honoré yule wa ngambo ya njia, ambaye moto wa mulima haukumuunguzia hata kuku. Amepita mbele ya mulango wangu na ule mufuko mara tatu. Mara tatu! Mimi fundi wa baiskeli sijashika hata spoku moja tangu mulima upasuke; wateja wangu wote walikuwa watu wa njia ya Rutshuru, kule lava ilipita. Bibi yangu Nshobole amesema waziwazi: chakula kisipokaa humu nyumbani mpaka Jumapili, anapanda bato ya ziwani kwenda Bukavu, anarudi kwa mama yake. Nimecheka. Yeye hakucheka. Naogopa sana. Bila muke wangu yule mimi si kitu.

Jumanne, 8 Februari
Biro ya zone, ofisi ya serikali. Karani anaitwa citoyen Kamate, yaani raia Kamate, mutu wa kalamu tatu mufukoni. Nimeandika Télesphore kwa fishi, karatasi ya kuomba musaada, akafuta: serikali ilikataza majina ya ubatizo tangu soixante-douze, mwaka wa sabini na mbili, mimi ni Bahizi tu. Haya. Akasema musaada ni wa familia zenye taabu, na kila muzee anayekaa nyumbani anaongeza kipimo. Niko na wazee? Mudomo wangu ukajibu kabla ya kichwa: watatu.

Nimewaandika hapohapo. Shangazi Nyirakamana, haoni vizuri. Muzee Bitorwa, anakohoa. Muzee Sekanabo, muguu mubovu. Nimewatoa kichwani, naapa! Baba yangu hakuwa na dada hata mumoja. Kamate akagonga kashe, muhuri wa serikali, pa! Honoré atanitambua.

Alhamisi, 10 Februari
Ole wangu! Kumbe siku ya kugawa musaada Kamate anaita majina mbele ya watu wote, na kila mutu anajibu mwenyewe. Asiyejibu anafutwa. Nikapanga kusema wazee wanaumwa. Bahizi: niko. Nshobole: niko, kwa hasira, maana nilikuwa nimemuambia habari yote njiani. Nyirakamana. Nikafungua kinywa. Nyuma yangu sauti ya mwanamuke muzee ikasema: niko.

Bitorwa: kikohozi kwanza, halafu niko. Sekanabo: niko.

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Kamate hakuinua hata kichwa, ametia alama tatu. Nshobole amenishika mukono mpaka kucha zikaingia. Nimemuambia ni watu wengine wenye majina hayo. Akauliza, yote matatu? Nimemuambia aachane na maneno, mufuko si huu hapa? Mukubwa kuliko wa Honoré! Nimepita mbele yake mara nne.

Ijumaa, 11 Februari
Nshobole amepika, lakini amekataa kunipakulia. Anasema chakula hiki kimetoka kwa majina ya wazee, na wazee wanapakuliwa kwanza. Nimemuambia hawapo. Akasema, walijibu. Bugali unapoa, tumbo linalia! Basi nikasimama mulangoni na kuita kwa nguvu, kwa muchezo: wazee wangu, karibuni tule! Honoré naye asikie kwamba kwangu kuna ukoo.

Nilipogeuka walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mukeka.

Watatu. Nguo zao zina vumbi jeusi la lava. Shangazi ameshika bugali, akasema haukuiva, akaniita mutoto. Mimi na miaka arobaini na moja! Lakini utamuuliza muzee yeye ni nani, na wewe mwenyewe umemualika? Hata mimi niko na adabu kidogo. Wamekula sufuria nzima. Nimelamba mwiko.

Jumamosi, 12 Februari
Bado wako. Hawalali. Wamekaa uani kutazama mulima, bila kupepesa macho. Bitorwa akikohoa, moshi unamutoka kinywani, na hana tumbako. Mukeka chini yao una moto, nimeugusa.

Nimekimbia kwa Kamate, nikamuomba awafute. Amesema muzee hafutwi bila karatasi ya kifo, na mashahidi wawili walioona maiti. Nimejishusha mpaka kwa Honoré: nimemuomba awe shahidi. Akacheka, akaingia uani kuwaona kwanza. Alitoka mbio, kofia yake ikabaki ndani. Nimemuambia aje aichukue. Hataki! Furaha yangu ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 13 Februari
Nshobole ameondoka. Mufuko ulikwisha jana, wamekula mpaka unga wa chini kwa vidole. Lakini anasema njaa angeivumilia. Asubuhi shangazi alimushika mukono, akamuambia kwa upole: mwanangu, hata wewe jina lako liko kwa fishi ileile. Nshobole akavuta mukono, akachukua kanga zake mbili. Nimemufuata mpaka bandarini. Nimepiga magoti, nimelia mbele ya watu. Akasema mwanaume anayejaza nyumba kwa kalamu, yeye hamuwezi. Bato ikaenda.

Nimerudi. Wazee wakauliza leo tunakula nini.

Jumatatu, 14 Februari
Biro. Fishi mupya kila wiki, sharti. Kamate akauliza, bibi yako yuko? Bila bibi wanakata kilo tatu za unga. Kilo tatu! Nikamukumbuka Nshobole, moyo ukaniuma kweli, kama dakika nzima. Halafu nikaandika: Nabintu, miaka ishirini na tano. Fishi haikuuliza zaidi, lakini pembeni nimeongeza: mupole, anapenda mume wake, hapandi bato. Kashe, pa!

Nimefika nyumbani sasa hivi. Sikumuita mutu. Jikoni kuna mwanamuke anatwanga sombe, majani ya muhogo, amenipa mugongo. Wazee wamejibana ukutani wote watatu, na shangazi ananifanyia ishara nitoke. Wivu tu! Nimemuambia mwanamuke ageuke nimuone uso. Anasema nile kwanza. Hiyo ndiyo adabu. Safari hii nimechagua vizuri.