Maana ya Sanamu ya Ikonge

Jumatatu, 3 Machi
Sanamu ya chuma imesimamishwa sokoni Ikonge. Ndefu kuliko mikaratusi! Ncha tatu juu mawinguni, vyuma vimejikunja, na chini, usawa wa kifua cha mtu, tundu la ukubwa wa sufuria. Msanii, Marion wa Nairobi, hakuipa jina wala maelezo. Watu wameduwaa. Mwalimu Jethro, mstaafu, kasema hakuna awezaye kuieleza. Hakuna? Mimi Onchiri nipo! Kamati ya soko inatafuta msemaji wa uzinduzi Ijumaa. Tryphosa, mjane, kiongozi wa kwaya ya Waadventista, ataketi mbele. Atanisikia!

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi nimewaambia wanakwaya kuwa ncha ni malaika watatu wa Ufunuo. Tryphosa katokwa na machozi! Kwaya itanipendekeza. Mchana, kwa wachumaji chai: majani mawili na chipukizi. Nao wataniunga mkono. Jioni, kwa Wakatoliki: Utatu Mtakatifu. Kumbe sanaa ni rahisi hivi?

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu Jethro anasema eti ni mafiga matatu yaliyopinduliwa. Wivu mtupu. Nimemwambia mbele ya watu kuwa mafiga hayana tundu. Akauliza tundu maana yake nini, basi. Sikuwa nimefika kwenye tundu. Nikasema ni fumbo, si la kila mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechaguliwa! Nimeazima koti la Mose, fundi baiskeli. Mikono yake inanifikia kwenye viwiko. Hapana neno. Wasemaji wakubwa hukunja mikono.

Ijumaa, 7 Machi
Ole wangu.
Kwaya ikaanza kuimba malaika. Wachumaji chai wakauliza malaika gani, haya si majani? Wakatoliki wakainua rozari. Kelele! Tryphosa akasimama, akaniuliza, “Ndugu Onchiri, ni malaika ama ni majani chai?”
Nikasema jibu limo tunduni. Nikaingiza kichwa kuwaonyesha. Kikaingia vizuri. Kutoka, kikakataa. Masikio!
Nikamsikia Marion akisema kwa upole kwamba alitaka tu watu waizunguke na kuitazama. Walinizunguka. Walinitazama. Soko zima.
Mwalimu Jethro ndiye aliyeleta mafuta ya kupikia, akanipaka masikio polepole, hata hakucheka. Tryphosa alimshikia jagi. Alimtazama yeye, si mimi. Koti la Mose limeloa mafuta hadi bitana.

Jumapili, 9 Machi
Masikio yamevimba. Tryphosa kamwalika Mwalimu Jethro chakula cha mchana. Nimelia kidogo, kisha nimetafakari sana. Nimeliona kosa langu: maana tatu zilikuwa chache mno. Kila mtu angepewa yake, nani angegombana na nani?
Nasikia Marion ameleta kazi nyingine soko la Mosocho, imefunikwa turubai. Nimekwenda mbio. Wauza ndizi nimewaambia ni mkungu. Wauza kuku, jogoo. Mama mmoja muuza viatu kaniuliza kama nimeiona. Nikamwambia, mama, kuona ni kwa wanaoanza.