Ramani Zipigwe Marufuku Katika Matembezi Yetu

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Watembea kwa Miguu Masafa Marefu,

Natumaini u mzima na magoti hayakusumbui. Mimi ni yule tarishi mstaafu, niliyegawa barua kwa miguu miaka thelathini na mmoja bila ramani. Nasikia sasa mnataka kila mwanachama abebe ramani safarini. Kwa heshima zote, litupilieni mbali wazo hilo, kwa sababu hizi:

1. Ramani inavunja adabu. Katika safari ya siku tano mliyonikabidhi niongoze watu kumi na wawili, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani asiyewahi kuvuka duka la vitambaa, alikunjua likaratasi lake mbele ya wote akasema, "Shemeji, mto huu tumeuvuka asubuhi." Nikamjibu mito hufanana. Watu wakacheka, na hawakumcheka yeye.

2. Inalemaza. Mtu mzima na akili zake anaiuliza karatasi njia iko wapi! Kesho ataiuliza kama ameshiba.

3. Inagawa watu. Siku ya tatu, penye njia panda, shemeji alionyesha kushoto. Mimi nikaamuru kulia. Kumi walimfuata yeye. Kinyozi wangu alinifuata mimi hadi saa sita, akaaga kwamba anakwenda kujisaidia. Mpaka leo hajarudi. Nikipita dukani kwake hujifanya ana wateja.

4. Ni ya uongo. Ilionyesha kwamba kulia ni miamba na bonde, hakuna njia. Mbona mimi niliteremka? Kwamba niliteremka kwa makalio ni suala jingine.

Basi ramani zote zikusanywe zifungiwe karanga, na wenye nazo wafutwe uanachama, kuanzia na shemeji, ingawa dada yake ameapa kwamba nikiituma barua hii nitajipikia.

Wasalimie katibu, mweka hazina na wanachama wote, hata wale kumi.

Wako asiyepotea,
Tarishi mstaafu

Tanbihi: Marufuku hiyo isiiguse ramani ya shemeji. Aliitia alama ya kalamu mahali tulipoachana, akawapelekea askari wa msitu, na ndivyo walivyonikuta kesho yake bondeni, mguu umeteguka, sauti imekauka kwa kuita. Shemeji alikuja nao. Hakunisuta hata kwa neno moja. Alinishika mkono tu, akanipa maji. Tafadhali mwambieni asante. Mimi bado sijaweza.