Mkanda wa Meja

Jumatatu, 9 Juni
Jumamosi ibada ya jumuiya ni kwangu, na Mchungaji mwenyewe anakuja. Tunatajwa wawili kwa uzee wa kanisa: mimi na jirani yangu Philemoni. Kila anayetajwa anatembelewa, ionekane kama nyumba yake ina utulivu. Mke, safi. Mtoto, safi. Mbwa, balaa! Mara ya mwisho Meja alimchania mwinjilisti Hanna sketi, mama wa watu akamaliza ibada amejifunga kanga ya mke wangu. Mbwa wa Philemoni anaambiwa akae, anakaa. Anafundishwa kwa vipande vya maini. Mtu mzima na akili zake, anambembeleza mbwa! Mimi ninayo njia fupi.

Jumanne, 10 Juni
Nimepita mjini kwa Pratik, duka la dawa za mifugo. Nimenunua mkanda wa kufundishia. Mbwa anavaa shingoni, wewe unabaki na rimoti. Vitufe vitatu: cha kwanza mlio, cha pili mtetemo, cha tatu shoti ya umeme. Pratik akanishauri nianze na mlio tu, wiki mbili, na shoti nijaribu kwanza kwenye mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia hilo halina shida.

Wiki mbili! Na ibada ni Jumamosi! Nimeanza na cha tatu. Mke wangu Aika na binti yetu Brightness nimewaambia ni mkanda wa kuzuia kupe. Brightness ana miaka tisa na anaamini kila ninachosema. Nimeandika hilo na sijisikii vizuri.

Jumatano, 11 Juni
Mafanikio. Mama anayetuletea maziwa kutoka Nkoaranga alipiga hodi, Meja akakurupuka, nikabonyeza. Yowe moja, akakaa. Muuza mkaa naye, vivyo hivyo. Rimoti inakaa mfuko wa kulia wa koti. Baridi hii ya Juni hakuna wa kumuuliza mtu kwa nini katia mkono mfukoni.

Philemoni alichungulia juu ya michongoma akataka kujua nimefanyaje. Nikamjibu ni upole na subira tu. Nilisema hivyo bila kupepesa macho.

Ijumaa, 13 Juni
Meja kimya kabisa. Lakini nikitokeza mlangoni anahamia nyuma ya banda la kuku. Chakula hagusi mpaka nirudi ndani. Brightness ameniuliza kama anaumwa. Nikasema dawa ya kupe ndiyo inamchosha. Akaenda kumfunika na gunia ili asisikie baridi. Niliona haya. Kisha nikaenda kuazima viti.

Jumamosi, 14 Juni
Sijui nianzie wapi.

Mkanda niliuvua asubuhi, nisije nikaulizwa maswali. Rimoti niliisahau kwenye koti. Waliingia watu kumi na wanane na Meja hakubweka hata mara moja. Tulikaa uani kwenye jua, yeye amelala miguuni pa Brightness. Mchungaji akasema kwa kweli nyumba hii ina utulivu. Philemoni akakohoa. Nikajiona tayari ni mzee wa kanisa.

Ukafika wakati wa sadaka. Kikapu kikazunguka, kikanifikia. Nikatia mkono mfukoni.

Meja akapiga yowe. Shingoni hana kitu, lakini alipiga yowe kama mtu! Akajikojolea, akajisokomeza chini ya kiti cha Mchungaji. Nikautoa mkono upesi, akanyamaza. Watu wananitazama, kikapu kiko mbele yangu. Nikautia tena, polepole. Yowe!

Mzee Ndesanjo, aliyekaa viti vya nyuma, akasema taratibu tu: "Thomasi akigusa mfuko, hata mbwa wake haamini."

Walicheka mpaka Mchungaji akavua miwani afute machozi. Nami nikacheka. Afadhali waniite bahili kuliko wajue ukweli. Nikapitisha kikapu bila kutoa chochote.

Brightness hakucheka. Alikuwa anautazama mfuko wangu.

Wageni walipoondoka alileta mkanda, akaichomoa rimoti mfukoni mwangu, akaniambia nivae. Nikavaa kwenye kifundo cha mkono, nikidhani atabonyeza mlio. Alibonyeza cha tatu. Nilipiga yowe lile lile la Meja. Aika akatoka jikoni mbio, akakuta nimekaa chini na mtoto analia. Sijawahi kuona aibu ya namna hii ndani ya nyumba yangu.

Jumapili, 15 Juni
Jina limesomwa kanisani. Ni Philemoni. Hilo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea ni kumwona Meja akipenya michongoma kwenda kula maini kwake, na mkia unacheza.

Nilimweleza Aika kila kitu, nikamwomba msamaha. Akasema, "Baba Brightness, mimi sikupigwa shoti."

Jumamosi, 21 Juni
Wiki nzima nimenunua maini. Najificha buchani ili Philemoni asinione. Kila jioni nakaa chini uani, koti nimeliacha ndani, viganja wazi. Siku ya kwanza Meja hakutoka nyuma ya banda la kuku. Siku ya nne alisimama hatua mbili kutoka kwangu, anatetemeka. Nikabaki nimekaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Leo amekula mkononi mwangu. Amenilamba mpaka kwenye vidole. Brightness alikuwa dirishani, akatoka, akaja kukaa karibu nami. Hakuwa amekaa karibu nami tangu siku ile. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Nikamwomba Meja radhi kwa sauti, jirani akisikia na asikie.

Mchungaji ametangaza jumuiya inahitaji katibu, na mwezi ujao watatembelea nyumba tena. Nimempigia Pratik. Anayo aina mpya, rimoti yake inafika mita mia nane. Sasa naelewa nilikosea wapi: nilisimama karibu mno. Brightness alipoingia ndani kunawa, Meja bado anakula kiganjani, ametulia vizuri kabisa, nikamzungushia kamba ya kiatu shingoni nikachukua kipimo. Sentimita arobaini na mbili. Safari hii nitabonyezea ng'ambo ya barabara, na hatajua kabisa kuwa ni mimi.